Guy au Chishimba

Mwaka ule, tangu mvua zilipokatika, watu wa Kashikishi walikuwa na ubishi mmoja tu. Ukienda sokoni, ukienda kwenye vibanda vya kuchaji simu, ukishuka ufukweni wanakoanika chisense, dagaa wale wadogo wa ziwa Mweru, ungekuta wanaume wazima wametoleana macho: Guy au Chishimba? Nani atachaguliwa?

Wote wawili walikuwa vijana wa hapo hapo wilayani Nchelenge, wote warefu kupita milango ya nyumba zao, na wote walikuwa Amerika wakichezea vyuo vikuu mpira wa kikapu. Mwezi wa sita ulikuwa unakuja, na mwezi wa sita ndipo timu za ligi kubwa ya kulipwa zinapokaa na kuchagua kwa zamu vijana zinaowataka kutoka vyuoni. Drafti, ndivyo walivyoiita. Nafasi ni chache na vijana wanatoka dunia nzima, kwa hiyo miezi mingi kabla ya siku yenyewe wataalamu wa huko huanza kuwapima na kuwalinganisha kama watu waliokwenda mnadani kununua ng'ombe: huyu mrefu zaidi, yule ana kifua, huyu mwepesi, yule ana akili ya mchezo. Na wataalamu hao walikuwa wamewaweka Guy na Chishimba jirani kabisa, kule chini mwishoni, mahali ambapo mmoja anaweza kupita na mwingine akabaki nje.

Ngalula, mama yake Guy, hakuujua sana mchezo wenyewe. Alikuwa mwanamke wa Pweto, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, aliyevuka ziwa kwa boti mwaka ule wa vita akiwa na mwanawe mmoja na sufuria mbili, akalala kwenye kambi ya wakimbizi ya Kenani chini ya turubai kama wenzake, kisha akashuka Kashikishi na kuanza upya kwa kuuza samaki. Guy alikuwa na miaka kumi na tatu, mikono mirefu isiyojua pa kukaa. Mwalimu mmoja wa sekondari, Davies, alimwona sokoni akishusha gunia kutoka juu ya lori bila kupanda kitu, akamshika bega na kumpeleka kwenye kiwanja cha saruji cha shule. Huko Guy alimkuta Chishimba, mtoto wa Mwelwa, ambaye meza yake ya samaki ilikuwa karibu na ya Ngalula. Ndivyo mama wawili walivyopata kuwa marafiki. Jioni walikaa pamoja wakichambua chisense na kusikiliza mpira ukidunda kule shuleni, na Mwelwa, ambaye ni Mbemba wa hapo hapo ziwani, alikuwa akicheka, akimwita mama Guy kwa Kibemba: "Bana Guy, huyu wako anaruka kama amekanyaga kaa la moto."

"Na wako anasimama kama mwenye shamba," Ngalula alijibu.

Na kweli ndivyo walivyokuwa, na ndivyo walivyobaki hata watu wa kanisa fulani walipokuja wakawachukua wote wawili kuwapeleka shule za Amerika. Guy alikuwa wa kuruka. Chishimba alikuwa wa kusimama, kupiga mabega na kutupia mpira kikapuni kutoka mbali. Wataalamu walikuja kuandika maneno marefu kwenye mitandao, lakini Ngalula aliposomewa na Davies, alisikia yale yale waliyoyasema wao wawili kwenye mkeka wa samaki.

Wiki moja katika mwezi wa nne Guy alipiga simu. Sauti yake ilikuwa chini.

"Mama, kuko mutu atakuja huko. Wa équipe moja. Atakuuliza mambo yangu ya utoto."

"Akuje. Nitamupikia bukari."

"Akikuuliza papa alikufaka na nini, sema malaria."

Ngalula alikuwa akitengeneza moto. Akauacha. "Papa yako hakukufa na malaria, Guy."

"Najua. We sema tu vile."

"Juu ya nini?"

Nyuma ya kijana mama alisikia magari ya nchi ile yakipita. "Batu ba équipe banaogopa vitu mingi," alisema Guy. "Banataka mutu asiye na neno."

"Uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Guy."

"Mara moja moja kifua kinapiga, mama. Kama mashine ya boti ikikosa mafuta. Nakaa kidogo, inapita. Kila mutu anayekimbia anachoka. Sema malaria. Sijawahi kukuomba kitu, nakuomba hii."

Alikubali. Alisema, "Sawa, mwanangu," na aliposema alikuwa na nia ya kweli.

Mtu wa timu alifika siku ya jua kali, na gari alilolikodi mjini Mansa. Alikwenda kwanza kwa Mwelwa, akakaa huko tangu asubuhi hadi saa saba, na soko zima lilikuwa limenyoosha shingo kuelekea nyumba ile. Halafu akaja kwa Ngalula. Watu walitegemea mzungu. Alikuwa mtu mweusi wa makamo, mwenye tumbo na viatu vya vumbi, na alipofungua mdomo Ngalula alisikia Kiswahili cha kwao.

"Jambo yenu, mama Guy. Mi ni Tshibangu. Nilizaliwa Likasi. Sasa miaka mingi niko inje, lakini bukari sijasahau."

Moyo wa Ngalula ulilainika hapo hapo, na baadaye alijilaumu kwa hilo pia. Alimpa kiti, akampa maji ya kunawa, na mtu yule alikula bukari, ugali wa Kongo, kwa vidole kama mtu aliyerudi kwao. Baada ya kula ndipo alipoanza kuuliza. Aliuliza mambo ambayo Ngalula hakujua kama yanaweza kumfaa mtu yeyote. Guy alianza kutembea lini? Alikuwa akigombana na wenzake? Akishindwa anafanya nini?

"Ananyamaza," alisema Ngalula.

"Na Chishimba?"

"Chishimba analia, kisha anarudi kucheza."

Tshibangu alitabasamu. "Ni vile vile tunaona na sisi. Tuko na nafasi moja, mama, na majina mawili. Bakubwa bangu banapenda Guy. Banasema Chishimba mwili wake umefika mwisho, hautaongezeka. Guy bado. Guy anaweza kuwa kitu kikubwa." Akafuta mikono. "Papa yake alikufaka na nini?"

"Malaria," alisema Ngalula.

"Alilala muda mrefu?"

"Siku kidogo."

"Pole, mama." Hakuuliza tena. Alishukuru kwa chakula, akasema analala kwenye loji ya ufukweni na kesho asubuhi anarudi Mansa kushika ndege. Gari lilipoondoka, majirani walimwagika uani. Amesema nini? Anamtaka nani? Ngalula aliwaambia ameuliza habari za utoto tu. Mwelwa hakuja.

Jioni ile Ngalula hakuweza kula. Alikuwa akimwona Mulumba, mume wake. Mulumba alikuwa mrefu kama Guy, mikono ile ile, na siku aliyokufa alikuwa akivuta boti kwenye mchanga wa Pweto na wenzake, akiwatania. Alikuwa katikati ya neno. Neno lenyewe hawakulisikia mwisho wake, kwa sababu aliangukia uso na hakuinuka tena. Hakuwa ameumwa hata kichwa. Miaka miwili kabla, mdogo wake alikuwa ameanguka vile vile, akicheza ngoma kwenye harusi, kijana wa miaka ishirini na kitu. Ndugu wa mume walisema watu hawafi hivyo bila mkono wa mtu. Wakamtazama Ngalula. Wakasema mwanamke huyu anakula wanaume wa nyumba yetu. Walimnyang'anya vyombo na nyumba, na kama vita visingekuja kuwatawanya wote, hajui angeishi vipi Pweto. Alipofika Kenani na kuulizwa mume yuko wapi, alisema amekufa, na kwa kuwa kila mwanamke pale alikuwa amefiwa, hakuna aliyeuliza zaidi. Alikuwa ameliacha jambo lile ng'ambo ya maji.

Sasa likawa limekaa naye jikoni. Kama mashine ya boti ikikosa mafuta, mwanawe alikuwa amesema.

Kulipopambazuka alijifunga kitenge akaenda lojini. Tshibangu alikuwa barazani, mbele yake chai na mkate, ziwa limetulia na kisiwa cha Kilwa cha humo ziwani kikionekana mbali kama mstari. Alisimama alipomwona.

"Nilikudanganya, papa," alisema Ngalula kabla ya kukaa. "Mume wangu hakukufa na malaria. Alianguka." Akaeleza yote: boti, neno lililokatika, mdogo wake harusini. Ya kushutumiwa hakuyaeleza. Mwishoni alisema, "Na Guy anasema kifua kinamupiga."

Tshibangu alisukuma kikombe pembeni. 

"Mama, unajua nikipeleka maneno hii, nini itafanyika?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja, uniambie."

"Batamupima moyo. Si kupima kwa kawaida. Batatafuta mupaka bapate. Kama iko muzima, hakuna neno. Kama haiko muzima, hakuna équipe itamugusa. Yetu hapana, ya mwingine hapana. Habari kama hii haifichiki."

"Na batamuponya?"

"Kuko madawa. Ataishi vizuri akitulia. Lakini kucheza, hapana."

"Mi siulizi kucheza."

"Yeye atauliza," alisema Tshibangu. Kisha akainama karibu naye, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Sikia, mama. Mi niko na batoto. Ukisimama sasa ukarudi nyumbani, mi sijasikia kitu. Nitasema malaria. Nitapanda gari. Ni wewe unachagua."

Ngalula alitazama maji. Wavuvi wa usiku walikuwa wanarudi, taa zao zimezimwa, na wanawake walishaanza kuingia majini na mabeseni. Alitamani mtu huyu angekuwa mbaya. Angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi kumkatalia. Alimwona Guy mdogo akilala kwenye sakafu ya boti siku ile ya kuvuka, kichwa kwenye paja lake, na yeye ameweka mkono kifuani pake usiku kucha ili ajue kama anapumua.

"Peleka," alisema.

Mambo yalikwenda upesi kuliko alivyofikiri. Mwezi ulikuwa haujaisha Davies alipokuja nyumbani kwake, akakaa bila kukaribishwa, uso umemshuka. Alikuwa na simu mkononi lakini hakuifungua.

"Bana Guy, wamempima. Misuli ya moyo wake imenenepa, damu inapita kwa shida. Ni ugonjwa wa kuzaliwa, unatembea kwenye ukoo. Wameandika mitandaoni kwamba ameondolewa. Hata chuo chake kimemvua jezi."

"Atakufa?"

"Wanasema akiacha kucheza na kumeza dawa anaweza kuzeeka." Davies alijishika kichwa. "Mimi nilimkimbiza kwenye jua lile miaka minne. Nilikuwa nikimwona ameshika magoti, nikimwambia asiwe mvivu."

Ngalula alilia, na machozi yake yalikuwa na shukrani ndani. Atazeeka. Siku mbili alikuwa na neno hilo peke yake na lilimtosha. Halafu Guy akapiga simu.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. "Niliomba kitu kimoja," alisema.

"Mwanangu, uko hai."

"Hai ya kufanya nini? Mi sijui kitu ingine. Darasani nilikuwa nalala, bananipitisha juu ya mpira. Unafikiri hapa banajua jina yangu juu ya nini? Jana nilienda kula, wenzangu banahama meza. Banaogopa nitaangukia sahani zao."

"Rudi nyumbani."

"Nirudi kuuza chisense?" Akavuta pumzi. "Papa alikufa akicheka, mama. Ulinihadithia mwenyewe. Mi sasa nitakufa nimekaa." Simu ikakatika, na alipopiga yeye, haikupokelewa siku ile wala wiki ile.

Mjini habari ilipasuka kwa njia yake. Watu hawakuzungumza misuli ya moyo. Walisema: vijana wawili, nafasi moja, mmoja ameanguka ghafla, sasa niambie nani amefaidika? Wakaanza kumtazama Mwelwa. Walisema mtu wa timu alikaa kwa Mwelwa tangu asubuhi, alipewa nini? Walisema mwanamke yule alionekana kule Puta kwa mganga. Wakongomani waliokuwa wakinunua samaki wake wakaanza kuipita meza yake, na siku moja mtu alimwaga majivu juu ya chisense zake zote alizoanika.

Mwelwa alikuja kwa Ngalula na mikono yake bado ina majivu.

"Bana Guy, na wewe unaamini?"

"Awe, hapana," alisema Ngalula. "Si wewe. Ni mimi."

"Wewe vipi?"

Alimweleza. Mwelwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Basi waambie. Mimi nauza samaki kwa watu hawa."

Ngalula alijua kitakachofuata, kwa maana alikuwa amekipitia. Hata hivyo kesho yake sokoni, mchana watu wakiwa wengi, alisimama na kusema kwa Kiswahili na kwa Kibemba, ili pasiwe na wa kusingizia hakusikia: mtoto wangu ni mgonjwa kama baba yake alivyokuwa mgonjwa, na ni mimi niliyemwambia mtu wa timu, Bana Chishimba hana neno.  Halafu mama mmoja wa Pweto, aliyekuwa akinunua mihogo, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mume wako si ni Mulumba? Yule aliyeanguka kwenye boti?"

Hakuhitaji kusema zaidi. Kabla ya jua kuzama Kashikishi nzima ilijua kwamba kuna mwanamke aliyemla mumewe, akamla shemeji yake, akavuka ziwa, na sasa amemaliza na mtoto. Mambo ya hospitali yalipotajwa, watu walitikisa vichwa kwa adabu. Na kama si hivyo, walisema, mama gani anamzuilia mwanawe mkate mdomoni? Kanisani benchi lake lilibaki tupu pande zote mbili. Davies alijaribu kuwaeleza kwenye kibanda cha simu, akachora moyo kwa chaki ukutani, wakamsikiliza, na alipoondoka mchoro ukabaki pale mpaka mvua.

Lakini kilichomwumiza Ngalula zaidi ni Mwelwa. Hakumtukana. Alihamisha tu meza yake ya samaki, akaisogeza kule mwisho karibu na barabara. Alipoulizwa alisema huko kuna upepo. Ngalula alimwelewa. Chishimba bado alikuwa na jina kwenye midomo ya wataalamu, na drafti ilikuwa imebaki wiki chache. Mama mwenye mtoto mlangoni kwa bahati hawezi kukaa jirani na mkosi. Yeye mwenyewe angefanya hivyo hivyo, labda.

Na sasa ubishi ulikuwa umekwisha, kwa maana aliyebaki ni mmoja. Watu walisema Chishimba ameshapita, ni kusubiri kutangazwa tu. Vijana walishona fulana zenye jina lake. Baa moja ya barabarani ilileta televisheni kubwa, kwa sababu saa za Amerika ni usiku wetu, na watu walikesha huko. Ngalula hakwenda. Alisali kabla ya kulala, akamwombea Chishimba apite, na aliomba kwa moyo wote. Alitaka walau kitu kimoja kitoke katika yote haya kikiwa kizima.

Asubuhi alijua kabla ya kuambiwa. Barabara ilikuwa kimya mno. Watu walipita wakiwa wamevaa zile fulana ndani nje.

Hawakumtaja. Walitaja majina usiku wote mpaka la mwisho, vijana wa Ufaransa, vijana wa Australia, na Chishimba hakuwemo. Timu ya Tshibangu ilichukua mtu mwingine kabisa ambaye Kashikishi haikuwahi kumsikia. Kumbe wakati wao wakibishana Guy au Chishimba, huko mezani jina la Chishimba lilikuwa limewekwa tu ili Guy apimwe nalo.

Mwelwa alikuja mchana. Alikaa kwenye mkeka wa zamani, akachukua chisense mkononi na kuanza kutoa mchanga na vijiti, kama zamani. Walichambua muda mrefu, na Ngalula alifikiri pengine urafiki unarudi kwa mlango huu.

"Wako ana sababu," Mwelwa akasema. "Ukiulizwa, unasema ni moyo. Kila mtu anasema pole, angekuwa mkubwa. Wangu hana ugonjwa wowote. Wamemtazama miaka yote hiyo, wakamwona wote, hawakumtaka." Akatupa samaki kwenye beseni. "Afadhali angekuwa na moyo mbovu."

"Usiseme hivyo, ndugu yangu."

"Nimeshasema." Alijipangusa magamba kwenye kitenge, akaondoka, na meza yake ilibaki kule karibu na barabara. Chishimba alizunguka kwenye majaribio ya timu ndogo ndogo, wakamrudisha, na mwishowe akapata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala katika mji ambao mama yake hakuweza kutamka jina lake. Aliacha kutuma picha.

Kuhusu Guy, habari ilikuja mwezi wa kumi, tena kwa Davies. Mwalimu alikuwa amezeeka mwaka ule. Alimwonyesha video fupi: ukumbi mdogo, viti vingi vitupu, watu wamevaa makoti ya baridi, na kijana mrefu mwenye jezi nyekundu akipaa, mkono wake umezidi ubao, akisindilia mpira kikapuni na kuning'inia. Ngalula aliitambua mikono kabla ya uso.

"Yuko wapi?"

"Nchi moja ya baridi huko Ulaya. Ligi ndogo. Hawapimi watu huko, Bana Guy, au wanapima bila kutazama."

"Anajua kwamba atakufa?"

Davies aliirudisha simu mfukoni. "Anajua zaidi yetu."

Alimwomba mwalimu aandike. Davies aliandika kwa timu ile, aliandika kwa Kiingereza kizuri, akaeleza baba, akaeleza baba mdogo, akaeleza vipimo vya Amerika. Walikaa wakisubiri wiki nzima. Likaja jibu la mistari miwili: mchezaji ni mtu mzima, ametia sahihi kwa hiari yake, na mambo ya afya yake ni ya kwake mwenyewe. Ngalula alimtafuta Tshibangu. Tshibangu alimpigia mwenyewe, akamsikiliza, akasema hana mkono huko. "Nilifikiri tunamuokoa, mama," alisema. "Vraiment nilifikiri vile." Tena alisema jambo ambalo Ngalula angependa asilisikie: kwenye timu yao, na madaktari wao, na mashine yao ya kushtua moyo iliyowekwa kando ya kiwanja, kama wasingejua lolote na kijana akaanguka, labda wangeweza kumwinua. Huko alikokwenda hakuna mashine.

Kwa hiyo hata lile neno moja, atazeeka, liliondoka.

Guy alipiga mwezi wa kumi na mbili, wavuvi walipokuwa wamezuiwa kutia nyavu na ufuko uko wazi bila samaki. Aliuliza kama marufuku imeanza. Akauliza kama Bana Chishimba hajambo. Alisema huko kuna theluji na amenunua koti. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetoka kuoga, na Ngalula aliogopa kuigusa.

"Unakula?"

"Ninakula."

"Kifua je?"

"Mama, usianze."

"Siku gani unacheza? Niambie siku tu. Nitasali."

"Hapana," alisema Guy, bila ukali. "Ukijua siku, utakaa ukiningojea nife. Afadhali usijue." Mtu alimwita nyuma yake kwa lugha ngeni, naye akajibu kwa lugha hiyo hiyo, akacheka. "Nakwenda, mama. Banakwisha kuingia bote."

"Banaingia wapi? Guy, ni leo? Unacheza leo?"

Lakini alikuwa ameshakata. Ngalula alikaa na simu mkononi. Nje jua lilikuwa kali, na hakuwa na samaki wa kuanika wala wa kuchambua. Alihesabu kwa kichwa saa za nchi ile, akakosea, akaanza tena, kisha akaweka simu juu ya meza mahali anapoweza kuiona, akavuta kiti.